Vyombo Havijatosha

Juni, Iyunga. Asubuhi maji ya bombani
yanauma vidole kama mbwa mwenye haki yake.
Nimebeba spana mbili, tepu nyeupe,
na kipande cha ndala kuukuu, maana huwezi kujua.

Mzee Mwakatobe amefungua geti mwenyewe.
"Fundi Ambakisye, njoo umwone mgeni wangu."
Mgeni yuko juu ya kaunta, mweupe, mraba,
bado ana plastiki usoni:
mashine ya kuosha vyombo. Atuganile kaituma
kwa basi kutoka Dar, na karatasi ya maelekezo
ya lugha sita, hakuna hata moja yetu.

Mzee alikuwa fundi wa injini, reli ya TAZARA,
miaka thelathini na moja. Chuma anakijua.
Lakini bomba hili la jikoni lilinunuliwa Mwanjelwa
na marehemu mama Atuganile,
akabishania bei mpaka muuzaji akaomba maji ya kunywa,
na hesi yake si hesi ya mashine.
Moja imekatwa kwa inchi, nyingine kwa milimita:
zinashikana mzunguko mmoja na nusu, kisha zinanuniana.

"Usilikate bomba," anasema.
Sijasema nitalikata.
"Nasema tu."

Basi nikatoa chujio la mdomoni,
lina mchanga wa mvua za Machi,
nikazungusha tepu mara kumi na mbili,
kufuata mshale wa saa, maana kinyume chake
hujifungua yenyewe unapokaza.
Wosha nikaikata kwenye ndala.
Adapta ya shaba nikaikuta chini kabisa ya mfuko,
nilidhani niliitupa mwaka juzi.
Mzee ameshika tochi, mkono hautikisiki.
"Robo tu," ananiambia. "Ukizidisha utavunja."
Nikakaza robo.

Tukafungua maji. Tone moja likachungulia,
likafikiri,
likabaki pale pale.
Tulilitazama wote wawili kama watu wa stesheni.
Halikuanguka.

Mpira wa maji machafu nikaulaza kwenye sinki,
nikaufunga kwa waya usije ukaruka ukatuogesha.
Tayari, nikasema. Lete vyombo.

Akaleta sahani moja.
Kikombe kimoja cha bati.
Kijiko. Sufuria ya uji, ndogo.
Akavipanga taratibu, akarudi nyuma kutazama.
Ndani mna nafasi ya watu sita,
na sahani ile imesimama peke yake kwenye meno ya waya
kama mtu aliyewahi mkutano.

Nikasema, mzee, haina neno, ukusanye
siku tatu, nne, ikijaa ndipo uwashe.
Hakunijibu. Alikuwa anamenya viazi.

Viazi vya Uyole, maharage ya njano,
parachichi limepasuliwa katikati.
Kabatini akatoa sahani za maua, zile za wageni,
zina vumbi la miaka miwili.
"Kaa ule, fundi. Vyombo havijatosha."
Akaenda uani akamwita jirani, mama Tusekile,
naye akaja na mjukuu, mjukuu na rafikiye.
Muuza mkaa alikuwa anapita tu. Akaitwa.
Tumefunzwa mgeni siku ya tatu umpe jembe;
huyu wa kaunta hajamaliza hata siku moja
na ndiye anayetukaribisha mezani.

Saa nane mzee akabonyeza. Mashine ikavuta maji,
ikakohoa, ikakubali.
Mtoto akabandika sikio mlangoni kwake:
"Humu ndani kunanyesha."
Mzee kasimama mbele yake, mikono nyuma,
na mimi nikanyoosha kidole chini ya adapta.
Tone lile bado lipo, halijaenda popote.

Pesa yangu alinilipa yote. Kisha, getini:
"Ijumaa upite uangalie kama haivuji."
Haivuji. Nimekaza mwenyewe, najua.
Ijumaa nitapita.
Nyumbani nitawaambia wasinibakizie chakula.