Darasa la Nne B

Nilianza kuuliza kwa kuzunguka,
kama anayetafuta dawa ya ugonjwa wa aibu.
Kwa muuza vocha wa stesheni nilisema ni ya shemeji.
Kwa mhudumu wa hospitali, dirishani, nilisema ni ya jirani.
Akaitazama mikono yangu juu ya saruji,
ilivyokuwa ikicheza peke yake,
akasema, "Jirani yako aje mwenyewe."

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare:
kaptula za kaki, sketi za bluu,
marinda kumi na mawili kila sketi.
Januari hii nilitoa sketi sita zenye marinda tisa
na moja yenye kumi na tano.
Mama mmoja wa Cheyo akazipanga mezani kwangu
akayahesabu kwa sauti, mbele za watu,
moja, mbili, tatu,
mpaka nikatamani sindano inipite kidoleni
nipate sababu ya kulia.

Mwonja asali haonji mara moja.
Sisi wa Tabora asali tunaijua,
tunajua na inavyogeuka ukiitia maji ukaiacha jotoni,
usiku wa kwanza, wa pili.
Mimi nilipewa bilauri moja kwenye msiba wa Sizya, mume wangu.
Kunywa, wakasema, itakulaza.
Ikanilaza. Miaka sita.

Aliyenielekeza, msicheke, ni Nyanzala.
Ndiyo, yuleyule wa wanzuki,
mwenye kibanda nyuma ya mashine ya kukoboa, Isevya.
Nilikwenda asubuhi, chupa imo mkobani chini ya vitambaa,
noti nimeifumbata mpaka imelowa.
Hakuipokea.
Alikuwa anakamua masega, mikono inanata hadi viwikoni,
nyuki wawili watatu wakimzengea.
"Siwema," akasema, "Alhamisi, saa kumi na moja,
shule ya msingi hiyo hapo, darasa la nne B.
Mwanangu huenda. Alilewa hiki hiki ninachopika.
Nenda, halafu usije kunisimulia.
Nina watoto wengine wa kulisha."
Akarudi kwenye masega yake.

Alhamisi nililipita lango mara tatu.
Mara ya kwanza nilijifanya nanunua karanga.
Mara ya pili nilizinunua kweli.

Ndani walikuwa saba,
wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti vifuani:
dereva wa fuso, mpima tumbaku mstaafu,
mwalimu wa hesabu aliyekuja na ufunguo,
wengine sikuthubutu kuwaangalia,
na kijana mwenye macho ya Nyanzala
aliyenisogezea nafasi bila kuniuliza kitu.
Ubaoni yalibaki ya mchana:
robo tatu toa nusu.
Jibu halikuandikwa.

Hakuna aliyehubiri.
Mpima tumbaku alisema tu: jana jioni nimeikwepa baa
kwa njia ya makaburini, kilomita mbili zaidi,
na kiatu hiki, tazameni, kimetoboka.
Wakacheka. Na mimi nikacheka,
karanga zikanipalia.

Zamu yangu ilipofika sikutaja jina.
Jina walilijua; nimewashonea watoto wao.
Nilisema, "Moja. Ya leo. Na bado haijaisha."
Mwalimu akainuka, dawati likalia,
akaandika moja kwenye kona ya ubao
ambako kesho watoto watadhani ni jibu la kitu.

Usiku nilikaa kwenye cherehani.
Ulimi mkavu, fulana imenigandia mgongoni,
na mkoba uko pale msumarini, ukining'inia
na chupa yake tupu.
Treni ya Kigoma ikapiga honi, ikaondoka.
Nikakunja rinda, nikalibana pini,
nikakunja jingine.
Kwenye la kumi na moja mkono ukaruka.
Nikafumua.
Nikaanza moja.