Asilimia Tisini na Mbili

Nimefika Nakopi, chini ya mteremko wa Newala,
na fomu ya robo ya nne, kalamu ya risasi, futikamba.
Fomu inauliza: muda? gharama? ubora?
Na kwenye kisanduku cha mwisho, kidogo kuliko vyote:
utekelezaji umefikia asilimia ngapi?

Kalavati nimelipima. Ni zuri, sisemi uongo.
Midomo miwili, nondo za milimita kumi na mbili,
zege halina ufa; nimeligonga kwa nyundo
likaitika kama mtungi mzima.
Nikaandika tisini na mbili.
Ile nane iliyobaki ni kifusi tu,
cha kuliunganisha na barabara,
huku mita kumi, ng'ambo mita kumi na nne.
"Tu" ni neno la ofisini.

Somoe Nambunga, mtunza stoo wa kamati,
amenisubiri tangu asubuhi juu ya mifuko mitupu ya saruji.
Ana daftari la mwanawe wa darasa la tano,
mbele hesabu za sehemu, nyuma hesabu za kalavati.
Ananisomea, kidole kikitembea:

"Jumatatu. Mifuko arobaini imeshuka. Miwili imelowa.
Jumanne. Fundi Likwata hajaja, ana msiba Mahuta.
Jumatano hadi Jumanne, kumwagilia zege.
Ndoo thelathini kwa siku, maji ya kununua.
Fungu hakuna. Tumechangishana.
Siku ya tano, wa kwa Mchopa hawakuoga."

Naitafuta safu ya maji kwenye fomu.
Ipo ya mafuta ya gari la usimamizi.
Ipo ya posho.
Zege lile limekunywa kabla ya watoto.

"Endelea," nasema.

"Machi. Greda liliahidiwa tarehe mbili.
Likaahidiwa tarehe tisa.
Tarehe ishirini, simu ya mwenye greda haipatikani.
Aprili. Asumini Chitanda, uchungu wa usiku.
Pikipiki imefika kwenye kalavati, imekosa pa kupandia.
Wamemshusha korongoni, tope kiunoni,
wamepita ubavuni mwa kalavati.
Mama mzima. Mtoto mzima.
Kanga moja imekwenda na maji."

Napanda kwa ngazi ya mafundi,
nasimama juu ya tisini na mbili.
Huku hewa, huko hewa.
Ni kama fundi cherehani akusifie kiuno cha suruali
na miguu hajaishona.

Kwa mkuu wangu wa idara tisini na mbili ni kijani.
Chini ya themanini ni nyekundu,
na mwenye nyekundu hujieleza kikaoni akiwa amesimama.
Najua. Nilisimama mwaka juzi, kwa choo cha shule.

Nafuta. Raba inachubua karatasi.
Naandika: waliovuka kwa juu, hakuna.
Kisha naogopa, naiacha namba ya zamani
ionekane kidogo chini yake.

Somoe haitazami fomu yangu.
Amefungua ukurasa mpya, amepiga mstari kwa kijiti,
ameandika taratibu, ulimi pembeni mwa mdomo.
"Nawe tia saini."
Nasoma kwanza:

"Alhamisi. Afisa amefika saa nne na robo.
Amepima. Ameandika. Amefuta.
Ameondoka saa" – hapo ameacha nafasi,
nijaze mwenyewe –
"Hakuvuka."