Alama za Chaki

Mvua ikinyesha Cleveland usiku kucha,
Ilonka hulala na mabuti ya mpira miguuni.
Saa kumi alfajiri chumba cha chini huanza kukoroma:
kwanza kikohozi, kisha povu,
kisha mtaa mzima unapanda kupitia tundu moja,
karatasi za wengine, mafuta ya wengine,
chakula cha jana cha watu asiowajua.

Manispaa huja na tochi na fomu.
“Bomba limeziba upande wako, mama.”
Fundi wake huja na kamera, na bili:
“Limeziba upande wao.”
Miaka tisa ya danadana;
bomba lenyewe halijui mpaka.

Kwenye nguzo karibu na boila
aliwahi kuwapima watoto kwa chaki:
Marika, miaka minne. Gyula, miaka sita.
Siku hizi hupima maji.
Aprili, kifundoni. Julai, gotini kwa Gyula.
Leo yamefika begani kwa Marika.

Anaandika tarehe. Anasugua kwa klorini,
anapiga simu, anaambiwa asubiri,
anasubiri, kipande cha chaki mkononi,
akitazama nafasi iliyobaki
juu ya kichwa cha bintiye.