Sura ya Tatu

Saa nane usiku, Isevya.
Umeme hakuna. Mwanga wa simu naugawa:
nusu kwa madaftari ya Kidato cha Pili,
nusu kwa sura ya tatu.

Mihayo ameandika Kiingereza kinachotembea
kwa miguu ya Kinyamwezi.
Nimekizungushia duara jekundu.
Kisha nafungua barua pepe:
msimamizi wangu naye kanizungushia mengine,
kumi na saba.

Tasnifu yangu inauliza
kwa nini wanafunzi hunyamaza darasani.
Jumamosi, kwenye semina, profesa aliniuliza mimi.
Jibu nilikuwa nalo.
Nikatazama viatu.

Baiskeli imeishia kwenye ada,
kukipambazuka nitatembea.
Kipindi cha kwanza nitamsimamisha Mihayo,
nitahesabu moyoni hadi kumi.
Hadi ishirini,
kengele ikiniruhusu.