Kuwanga

Uliniuliza hujambo, nikakujibu alhamdulillahi.
Hilo, Daktari Muthengi, si jawabu la ugonjwa.
Ndivyo tufunzwavyo Langoni:
mtu akikuuliza hali humtupii mzigo wako mlangoni,
humwambia njema kwanza, hata kama nyumba yaungua,
kisha wangoja aulize tena.

Hukuuliza tena.

Miezi minane. Pete imenikwama kidoleni tangu Ijumaa,
na hina niliyopakwa kwa harusi ya wifi yangu
imetanuka juu ya nyayo, maua yamekuwa mapana kama sahani.
Mavyaa alisema miguu ikijaa ni neema,
mtoto ana maji ya kuogea.
Nikacheka. Usipocheka na mavyaa, utacheka na nani?

Nikakwambia: kitwa chaniwanga.
Ukaandika. Kalamu yako ina haraka,
nyuma yangu benchi limejaa mpaka dirishani.
Nikakuona umefurahi, kama mtu aliyeokota ufunguo wake.
"Basi mama, punguza wanga.
Ugali kidogo, chapati kidogo, mihogo uache kabisa."
Nikawaza, mihogo imenikosea nini?
Nikasema, ndiyo daktari.
Ndiyo ni neno dogo, halimchelewesh­i mtu.

Nilikuwa nimeshashika komeo la mlango.
Mwanajabu alikuwa akipiga deki ukumbini,
hana koti jeupe, ana leso kiunoni na ndoo ya dawa.
Akaegemeza ufagio ukutani.
"Daktari, huyu hasemi chakula.
Kuwanga ni kuuma, kichwa chote, kama chagongwa kwa ndani.
Nawe Thureya, mwambie na ya mato.
Mwambie ulivyoniambia mimi pale nje."

Nikakwambia. Kwamba tangu yana naona vimetameta,
nyota za mchana, juu ya kila ukuta mweupe,
na hapa, chini ya mbavu, pana mkono unaokamua.

Hukuandika. Uliinuka.

Mia na sabini juu ya mia na kumi na nne.
Ulizitaja polepole, kama asomaye bei ya kitu asichokimudu.
Nami nikauliza, mara yangu ya kwanza kuuliza:
"Ni nyingi?"

Ukavuta kiti ukakaa, magoti yako karibu na yangu.
Ukasema ni nyingi. Ukasema figo,
ukasema kifafa cha mimba,
ukasema mtoto huenda akaja leo, kabla ya siku zake.
Sikuelewa yote.
Nilielewa kwamba hunifichi.

Sindano iliingia na moto wake, moto hadi kooni.
Mengine wayajua wewe, mimi sikuwepo.

Leo binti yangu ana siku arubaini.
Alitoka kilo mbili kasoro, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia,
na sauti ya muadhini.
Nimekuja kupimwa, kama ulivyoniagiza.
"Hujambo?"
Alhamdulillahi.
Ukaiweka kalamu chini, benchi limejaa vilevile,
ukauliza tena: "Na kitwa? Chawanga?"

Walitamka vibaya, Daktari. Neno lachechemea kinywani mwako
kama mgeni aliyevua viatu kwenye mawe.
Nyuma ya mlango Mwanajabu alicheka hata ufagio ukamwanguka.

Hakiwangi, nikasema.
Lakini nipime.