Chali

Mto wa sufi mama mkwe ameutoa Korogwe,
kaushona kwa mkono, maua mekundu pembeni.
Nimeutia kabatini.
Blanketi la manyoya la wenzangu wa ofisini, kabatini.
Dubu mwenye jicho moja, naye huko huko.

Kitanda cha Tunu kimebaki uwanja mtupu:
godoro gumu, shuka lililobanwa kona nne,
chandarua, na yeye katikati, chali,
mikono juu kama aliyesimamishwa na polisi.

"Mtoto halazwi kama maiti," alisema bibi yake.
"Atapaliwa na maziwa. Mgeuze."
Nikamjibu ya nesi wa kliniki:
chali, usiku na mchana,
kitandani kwake, chumbani kwetu,
pasiwe na cha kumziba pua.
Akasonya. Akaenda kuchambua mchele.

Saa tisa usiku umeme ukakatika.
Feni ikazunguka mara tatu za kuaga, ikasimama.
Baba yake Tunu yuko zamu bandarini.
Mbu wote wa Buguruni wako nje ya chandarua, wanapiga hodi.
Nikamvua soksi, nikamvua kofia
(joto hili, kofia ya nini? Ya picha).
Nikakaa naye kwenye kochi, nikamnyonyesha,
macho yakawa mazito,
kochi likatuvuta,
yeye akiteleza, akiteleza kuelekea kwapani mwangu

mkono ukanishika bega.
"Mrudishe kwake, Mwanamvua. Kochi halina macho."

Alikuwa kwenye kigoda, gizani. Sijui tangu saa ngapi.

"Kabla ya mumeo nilikuwa na Sikitu.
Siku thelathini na nne.
Tulilala naye kitanda kimoja, mvua inanyesha,
nikamfunika vizuri.
Asubuhi hakutaka ziwa."

Nje jenereta la duka la dawa likakohoa, likawaka.

"Sababu hatukuambiwa. Wakasema Mungu.
Na mimi nikasema Mungu."

Sikujua pa kuweka mikono yangu
ila chini ya kisogo cha Tunu.
Nikamlaza. Chali.
Bibi akachomeka chandarua chini ya godoro,
upande huu, upande ule,
akarudia upande huu.
Kisha tukasikiliza:
pumzi ndogo, yenye kituo katikati
kinachomtoa mtu roho,
halafu inaendelea.

Asubuhi nafungua kabati, mto haupo.
Namkuta kwenye kigoda kando ya kitanda,
anahesabu kwa vidole,
mto wa maua mekundu ameukalia.