Kikohozi cha Asaa

Kaseti yenyewe imeshachoka,
utepe umekatika mara tatu, tumeuunga kwa seloteipu na subira.
Lakini uliza Wete, kuanzia Limbani hadi Bopwe,
mtu yeyote wa umri wetu atakwambia:
upande wa pili, dakika ya saba,
pale besi inaponyamaza kuipisha tarumbeta,
pana mtu anakohoa.

Huyo ni kaka yangu.

Asaa Hamad, mwenye pumu,
fundi mitambo wa kiwanda cha barafu,
ndiye aliyewapa Barafu Moto chumba cha nyuma
kwa sharti moja: wasimwamshe meneja.
Kompresa ilivuma usiku kucha, sauti ile ile,
na Kombo Shaame akazikaza nyuzi za besi
mpaka zikaelewana na mtambo.
Ndiyo maana fanki yao haikufanana na ya redioni.
Ya redioni iliruka. Yao ilitambaa,
ikakuingilia unyayoni, ikapanda taratibu kama ganzi;
ikifika kiunoni, umekwisha.

Mie sikuwa ndani.
Mie na Bikombo na Time tulikuwa dirishani,
juu ya makreti ya soda, mabuibui tumeyafunga kiunoni.
Tukiulizwa asubuhi: tulikwenda kumtazama shangazi, anaumwa.
Shangazi yule aliumwa miaka mitatu.

Usiku wa Idi pili, mwaka ule wa mvua nyingi,
Faki Khatoro aliipiga ngoma hadi ngozi ikapasuka,
akageuka, akaendelea kwenye ubavu wa tangi la maji.
Wanaobisha wapo.
Maalim Sleyum anasema tangi lilikuwa usiku mwingine,
na kwa tangi hilo hilo hasemezani na Mbwana wa duka la baiskeli
tangu bati la duka lile lilipokuwa jipya.

Asaa alikaa mbele,
redio kaseti mapajani kama mtoto mchanga,
amebana pumzi asiharibu.
Alibana, akabana.
Pumu haina adabu.
Kh'm, kh'm.
Mara mbili,
na papo hapo tarumbeta ikaingia
kana kwamba ilikuwa ikimsubiri yeye.

Alijilaumu mpaka tulipomzika.
Kila aliyemtolea nakala alimwomba radhi:
"Usinilaumu, pana uchafu kidogo upande wa pili."
Nakala zikenda Mkoani, zikavuka Unguja,
zikafika Tanga, Mombasa, Maskati kwa watoto wa Bikombo,
na uchafu wake ndani.

Mwaka huu wamerudi, watatu waliobaki.
Kombo vidole vimepinda, anaombewa kiti.
Ngoma anapiga mjukuu wa Faki, ana masikio ya babu yake, yote mawili.
Ukumbi wa skuli, feni moja inazunguka, moja inafikiria.
Safari hii nimeingia kwa mlango,
nimekaa mstari wa mbele,
wala hakuna wa kuniuliza shangazi hajambo.

Besi ikatambaa.
Magoti yangu haya, yanayozikataa ngazi za hospitali,
yakakubali.

Kisha ikanyamaza.

Na ukumbi mzima,
Maalim Sleyum, Mbwana wa baiskeli viti viwili kutoka kwake,
vijana waliozaliwa kaseti zimeshakufa,
hata muuza kahawa pale mlangoni na birika lake,
wakakohoa.
Mara mbili. Sawasawa na kwenye utepe.

Kombo akacheka, kichwa kimeinama juu ya nyuzi.
Tarumbeta ikachelewa kidogo.
Na mie, dada mtu,
peke yangu ukumbini sikukohoa:
nilikuwa nimebana pumzi,
nisiharibu.